Inama Usome: Jini Nzuri Haikai Usawa wa Macho

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja jioni, simama karibu na rafu ya pombe kali kwenye supamaketi yoyote ya Thika Road utazame watu. Utaona kijana wa miaka ishirini na kitu, shati la ofisi limetoka nje ya suruali, begi la laptopu mgongoni. Ameshika chupa ya jini ya bei ya chini. Anaigeuza. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, halafu anairudisha polepole kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe. Mkono unapanda mpaka usawa wa macho, unachukua chupa nzito yenye kizibo cha mbao na picha ya maua. Bei imepanda mara tatu. Uso umetulia.

Huyo msee namjua. Miaka michache iliyopita alikuwa mimi.

Nilikuwa naenda kwa rafiki aliyehamia nyumba mpya huko Ruaka. Nikatoa ngiri nne na kitu kwa chupa moja, siku nne baada ya mshahara wangu wa kwanza. Niliibeba mkononi, si kwenye mfuko, ili ionekane. Tulipofika, mtu akaimimina kwenye vikombe vya plastiki na kuijaza Stoney mpaka juu. Jini ya ngiri nne ikawa tangawizi. Kufikia tarehe kumi na nane nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi kazini Kilimani, nikiwaambia watu ati nafanya mazoezi.

Kiswahili chetu kina utani wake. Jini hii ni kinywaji, jini hili ni pepo, na tofauti ni ngeli tu. Siku ile nilidhani nanunua jini hii. Kumbe nilinunua jini hili: pepo la kuonekana nimefika. Na nasema kwamba wengi wetu, kila mwisho wa mwezi, tunalipia pepo hilo kwa pesa ambazo hatuna, kwa sababu tunaona haya kuinama mbele ya rafu na kusoma.

Kwanza tujue tunanunua nini. Jini ni spiriti isiyo na ladha, ya nafaka au ya molasi ya miwa, ambayo imepewa ladha ya tunda dogo linaloitwa junipa, pamoja na mbegu za giligilani, maganda ya limau, mizizi na viungo vingine. Junipa ni ndugu wa mutarakwa, ule mti wa Aberdare na Mau ambao wazee walichonga nguzo za ua. Kuna hata jini ya Nairobi, Procera, inayotumia matunda ya mutarakwa wenyewe. Jina lake limetoka kwenye jina la kisayansi la mti huo, Juniperus procera. Ni kazi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini si jini ya mtu anayelipia bedsita.

Sasa sikiza hili, kwa sababu ndilo watu wa chupa nzito hawatakwambia. Jini haizeeki. Wiski ya Scotland lazima ilale kwenye pipa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuitwa wiski, na hiyo miaka mtu analipia: ghala, mbao, na kile kinachopotea hewani. Jini inaweza kutengenezwa Jumatatu na kuwa chupani kabla ya wikendi. Haina pipa, haina miaka, haina babu anayeilinda gizani. Kwa hivyo ukiona jini moja inauzwa mara tano ya nyingine, usijidanganye kwamba unalipia muda. Kiasi fulani ni viungo na kazi ya mikono, kiasi ni meli na bandari. Kinachobaki ni glasi nene, kizibo, mabango, na ile nafasi ya usawa wa macho.

Kuna namba tatu kwenye rafu, na zote ziko wazi: bei, mililita, na asilimia. Wengi tunasoma ya kwanza tu. Hapo ndipo tunapopigwa.

Chukua asilimia. Gordon's ni jina lililoanzia London mwaka 1769, lakini nyumbani kwake Uingereza inauzwa ikiwa na asilimia 37.5, na huko Afrika Kusini asilimia 43. Bombay Sapphire ni 40 Uingereza na 47 Marekani. Jina ni lile lile, kilicho ndani ni tofauti. Sasa mtu akikwambia "mimi hunywa jina fulani," muulize: ya wapi, asilimia ngapi? Jina ni kofia. Asilimia ni kichwa.

Chukua mililita. Mzinga wetu wa kawaida ni 750. Chupa nyingi zinazotoka Ulaya ni 700, ila zimetengenezwa nene na pana mpaka zinaonekana kubwa kuliko mzinga. Macho yanadanganywa, namba haidanganywi.

Sasa tufanye hesabu, na usiogope, ni ya darasa la sita. Zidisha mililita kwa asilimia, upate pombe halisi iliyomo. Chupa ya 750 yenye asilimia 40 ina sentilita 30 za pombe halisi. Ikiwa bei ni 1,500, kila sentilita imekugharimu shilingi 50. Chupa ya 700 yenye asilimia 37.5 ina sentilita 26.25. Ikiwa bei ni 2,100, umelipa shilingi 80 kwa kila sentilita. Umelipa zaidi ili upate kidogo zaidi, na cha pili hapo ni maji.

Najua mtu atasema: basi kwa hesabu hiyo si tunywe tu ile kali zaidi na rahisi zaidi? Hapana. Hesabu hii haikuambii jini gani ni tamu. Inakuambia ni wapi bei imeacha kuhusiana na kinywaji. Ukishapajua hapo, ndipo unaanza kuuliza kuhusu ladha, na swali la ladha nalo linajibika kwa kusoma. Lebo ikisema London Dry, haimaanishi imetoka London. Kwa kanuni za Ulaya, maana yake ni kwamba ladha yote imeingia wakati spiriti ikichemshwa pamoja na viungo, mvuke ukapoozwa, na baada ya hapo hakuna ladha wala rangi iliyoongezwa, na sukari karibu hakuna. Kuna jini nyingine ambazo ladha yake inakorogwa tu ndani ya spiriti kama unavyokoroga juisi ya unga. Na kuna zile za pinki na za matunda, ambazo mara nyingi zina sukari ya kuficha kila kitu. Kama unapenda ya pinki, kunywa ya pinki, mimi si mama yako. Ila jua kwamba umenunua sukari kwa bei ya pombe kali.

Mimi na marafiki wanne tulijaribu nyumbani. Jini tatu: moja ya rafu ya chini, moja ya rafu ya pili, moja ya chupa nzito. Mtu mmoja alimimina jikoni, vikombe vikaandikwa namba. Zilipokuwa kavu, wote tulisikia kwamba moja ilikuwa na harufu nzuri zaidi, na kweli ilikuwa ile ya bei. Siwezi kusema uongo hapo. Lakini tulipoweka barafu, toniki na kipande cha limau, ilikuwa ni kubahatisha tu. Aliyejiita mjuzi wa jini alichagua ya rafu ya pili, akaisifu dakika tatu nzima kwamba inasikika imetoka nje. Ilikuwa imetengenezwa hapa hapa Nairobi.

Kwa hivyo kama jini yako utainywa kavu, polepole, ukiwa peke yako na kitabu, kanunue ile ya bei, hela ni yako. Lakini kama robo tatu ya glasi yako itakuwa toniki, weka pesa kwenye toniki. Jini nzuri ndani ya toniki iliyokufa gesi ni sawa na pilau ya harusi iliyomwagiwa maji. Nunua chupa ndogo ndogo za toniki zenye gesi kali, nunua limau mbili sokoni, weka barafu nyingi. Mzinga mmoja una toti 30 za mililita 25. Kwa ile bei ya 1,500, kila toti ni shilingi 50. Linganisha mwenyewe na bili yako ya mwisho kwenye klabu.

Hadi hapa ni mambo ya mfuko. Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae chini kuandika.

Aibu ya rafu ya chini haitupeleki juu tu. Pesa zikiisha, inatupeleka nje kabisa. Tunajua tunavyoishi: tarehe tano ni chupa nzito, tarehe ishirini na tano ni dirisha la vyuma la wines and spirits ya mtaani, taa hafifu, mkono unaingiza noti na kota inatoka. Hapo husomi kitu. Hakuna bei iliyobandikwa, hakuna risiti, na giza haliruhusu kuona kama kifuniko kimewahi kufunguliwa. Maduka mengi ya hivyo ni ya watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini kama kuna mtu anataka kukuuzia sumu, hatakuuzia chini ya taa za supamaketi ukiwa na kamera juu ya kichwa.

Binamu yangu upande wa mama alinunua kota moja namna hiyo. Lebo ilisema jini. Alikunywa jioni na kulala vizuri. Kesho yake mchana akaanza kuona ukungu, akadhani ni uchovu. Kufikia usiku hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe. Ilikuwa methanoli, ndugu mbaya wa pombe tunayokunywa. Haina ladha ya kukuonya, na mwili ukiivunja unatengeneza asidi inayoharibu neva ya macho. Alipona maisha. Macho hayakurudi. Leo akisikia chupa ikifunguliwa kwenye sherehe, anauliza kwa sauti ya chini: "Mmeiangalia kifuniko?" Na sisi tunanyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Hayo maswali yake yana jibu, na jibu liko kwenye hesabu ile ile. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa pombe kali nchini unahesabiwa kwa nguvu yake: shilingi 10 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Kota ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina sentilita 10, kwa hivyo ushuru peke yake ni shilingi 100. Ukiuziwa kota hiyo kwa mia na hamsini, toa ushuru 100, toa VAT ya karibu 21. Imebaki shilingi 29. Hiyo 29 ndiyo imelipia spiriti, chupa, kifuniko, lebo, lori, na faida ya kila mtu kutoka kiwandani hadi dirishani. Haiwezekani. Kuna mtu hajalipa ushuru, na aliyeficha ushuru ana sababu gani ya kukuonyesha alichomimina ndani?

Hii ndiyo faida nyingine ya kujua bei halisi ya jini. Watu wanadhani anayetafuta bei nafuu ndiye atakayeuziwa sumu. Kinyume chake: anayejua hesabu anajua pia bei ambayo chini yake hakuna jini, kuna mtego tu. Ongeza hapo stika ya KRA kwenye kifuniko, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu yao ya Soma Label. Na ukimaliza chupa, chana lebo na utoboe kifuniko kabla ya kuitupa. Ile chupa yako nzito ya maua ina soko huko nje, na si kwa ajili ya kuweka maua.

Sasa Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya. Ndani yake kuna pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka 18 hadi 21, na la kuondoa pombe kwenye supamaketi, mitandaoni na kwenye huduma za kuletewa nyumbani. Sera si sheria, lakini sheria huanzia kwenye karatasi kama hizo.

Naelewa hofu yao. Nimemwona mtoto kwenye toroli akinyoosha mkono kwa chupa ya pinki akidhani ni juisi. Nimezika watu wa rika langu ambao ini liliwaacha kabla ya nywele kuota mvi. Nani atasema pombe haiui? Lakini jiulize: ukiifunga rafu yenye taa, bei, risiti na mlinzi anayeitisha kitambulisho, yule kijana wa mwisho wa mwezi ataenda wapi? Hataenda nyumbani kunywa chai. Ataenda dirishani.

Si nadharia. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, na marufuku ikadumu miaka 30, hadi Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho. Katikati ya marufuku hiyo, Novemba 2000, kumi-kumi iliua watu zaidi ya 100 kule Mukuru. Marufuku haikuwalinda. Na ili nisipendelee upande wangu: baada ya 2010 watu waliendelea kufa, makumi yao Mei 2014, na wengine zaidi ya 10 huko Kangai, Kirinyaga, Februari 2024. Kwa hivyo ruhusa kwenye karatasi nayo haitoshi. Kinachookoa ni pombe kuuzwa mahali ambapo inaweza kuonekana, kukaguliwa na kufuatiliwa hadi kwa aliyeitengeneza.

Jini yenyewe ina historia ya somo hili. London ya karne ya 18 ilizama kwenye jini ya bei ya bure, nyingine ikichanganywa na tapentaini, ile ya kuondolea rangi. Mwaka 1736 bunge likaja na dawa kali: leseni ya kuuza ikawa pauni 50 kwa mwaka, pesa ambazo muuzaji wa kawaida hangeziona maishani. Karibu hakuna aliyeinunua leseni hiyo. Jini ikaingia vichochoroni, na mwaka 1743 sheria ikafutwa. Mwaka 1751 wakatunga nyingine yenye busara zaidi: watengenezaji wauze kwa maduka yenye leseni tu, yanayojulikana yako wapi. Yaani baada ya miaka 15 ya kuhangaika, waliishia kuirudisha kwenye rafu. Sisi tunataka kuanza safari hiyo tangu mwanzo?

Wanaotaka kulinda watoto, basi walinde. Zungushieni sehemu ya pombe ukuta na mlango wake. Kitambulisho kiitishwe kila mara, hata kwa mzee mwenye ndevu. Asilimia na bei kwa kila mililita mia ziandikwe kwa herufi kubwa pale rafuni, kama zile za bei ya unga. Wakaguzi waende kwenye madirisha ya vyuma usiku, si supamaketini saa nne asubuhi wakiwa na kamera za habari. Hayo yote nitayapigia makofi.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu ukiwa kwenye foleni, chupa nzito mkononi: kama hunywi, usianze kwa sababu yangu. Kama unakunywa, nunua mzinga mmoja unaojua umelipia nini, uufanye uvuke mwezi. Mgeni wako akicheka lebo, mpe kikombe kisicho na jina umwambie akisie.

Kisha rudi pale kwenye rafu. Weka begi chini. Piga goti kama unatafuta kiatu chini ya kitanda. Soma mililita, soma asilimia, angalia stika, kagua kifuniko. Watu watakutazama. Waache watazame. Binamu yangu angetoa chochote aweze kuisoma lebo ile.